Barua Ndani ya Skrini Nyeusi

Kiini cha Linux, kile kinachoendesha simu za Android na sehemu kubwa ya seva za dunia, hujengwa kwa barua pepe. Aliyegundua kosa akalirekebisha haendi kubonyeza kitufe kwenye tovuti. Huandika barua, huyabandika mabadiliko yake humo humo yakiwa maandishi matupu, kisha huwatumia wasimamizi wa sehemu inayohusika. Nao huyasoma, huyajibu mstari kwa mstari, na wakiridhika huyachukua kutoka kwenye barua na kuyatia moja kwa moja kwenye msimbo. Katika kazi ya namna hii hata nafasi moja iliyopotea ni hasara. Ndiyo maana nyaraka rasmi za kiini hicho zina ukurasa mzima unaoshauri programu gani ya barua itumike, na ukurasa huo haumung'unyi maneno: Gmail ya kwenye kivinjari haifai kutuma viraka, yaani mabadiliko ya namna hiyo, kwa kuwa hubadili alama za tabo kuwa nafasi za kawaida, na kiraka kilichochezewa hivyo hakikubali kubandikwa.

Greg Kroah-Hartman, msimamizi wa matoleo imara ya kiini hicho, husoma barua zake kwa Mutt. Linus Torvalds mwenyewe alitumia Alpine kwa miaka mingi. Zote mbili ni programu zisizo na picha wala vitufe vya kubofya. Mtumiaji huona orodha ya maandishi juu ya weusi wa terminali, na kila jambo hulifanya kwa kibodi. Kwa aliyezoea simu, zinaonekana kama mabaki ya zama za kale. Anayepokea barua mia kadhaa kwa siku huziona vingine: herufi moja hufuta, nyingine hujibu, nyingine hukusanya mazungumzo marefu yakasomeka kama mti wenye matawi, na mkono haukuinuka hata mara moja kwenda kwenye kipanya.

Ukoo wa programu hizi ni mrefu. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN kule Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, akachagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Mwaka 1986 Dave Taylor, akiwa Hewlett-Packard, alitoa Elm. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle kikaanza kuandika Pine kwa ajili ya wafanyakazi wake wa ofisini, watu ambao hawakutaka kukariri amri. Kwa hiyo chini ya skrini kukawekwa menyu inayotaja kila herufi inafanya nini. Alpine ni mrithi wa Pine, na kihariri kidogo kilichokuja nayo, Pico, ndicho kilichoigwa na nano inayopatikana leo karibu katika kila mashine ya Linux. Mutt ilizaliwa mwaka 1995 mikononi mwa Michael Elkins, aliyekuwa amechoshwa na mapungufu ya Elm. Kauli mbiu aliyoipa si ya mtu wa kujisifu: alisema programu zote za barua ni mbovu, ila hii ubovu wake umepungua kidogo.

Anayeanza leo angefanya vyema kuanza na Alpine, ingawa mashabiki wa Mutt watanuna. Sura hii hata hivyo inaifuata Mutt, kwa sababu makosa yake yanafundisha zaidi. Programu ya simu ikishindwa hutoa kisanduku cha huruma kinachosema kuna tatizo, jaribu tena. Mutt ikishindwa hutaja seva iliyokataa, hatua iliyokwama, na mara nyingi namba ya kosa. Kazi ya mtumiaji ni kujua hatua hizo ni zipi.

Kisichotarajiwa huja dakika ya kwanza. Mutt iliyosakinishwa upya hufunguka na kulalamika kwamba faili fulani ndani ya /var/mail haipo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo barua za Unix zilikuwa zikidondoka enzi ambazo watumiaji wote walikuwa ndani ya mashine moja. Programu haijui kwamba barua za mtu huyu ziko kwenye seva ya mbali, hakuna aliyeiambia. Haikisii wala haitafuti. Inasubiri faili la mipangilio, liitwalo .muttrc, ambalo mtumiaji mwenyewe analiandika. Kwa akaunti ya kawaida mistari sita inatosha kuanzia:

set from = "mimi@example.org"
set folder = "imaps://mimi@barua.example.org/"
set spoolfile = "+INBOX"
set smtp_url = "smtp://mimi@barua.example.org:587/"
set record = "+Sent"
set postponed = "+Drafts"

Mstari wa kwanza ni anwani ya mtumaji. Wa pili na wa tatu inaeleza barua zinasomwa wapi. Wa nne unaeleza zinatumwa kupitia wapi. Miwili ya mwisho inataja pa kuwekea nakala za zilizotumwa na pa kuhifadhia ambazo hazijakamilika. Alama ya kujumlisha ni mkato wa kusema "ndani ya ile folda niliyoitaja juu".

Katika mistari hiyo imo siri ambayo programu za kisasa huificha kabisa: kusoma barua na kutuma barua ni shughuli mbili zisizojuana. Ni sawa na posta. Kufungua sanduku lako la S.L.P. na kupeleka bahasha kaunta ni safari mbili, ingawa jengo ni moja; ufunguo wa sanduku haukusaidii lolote mbele ya karani. Kusoma hufanywa kwa itifaki ya IMAP, aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986 akiwa Stanford. Kutuma hufanywa kwa SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel na kutolewa Agosti 1982. Kila moja ina seva yake, poti yake na namna yake ya kuuliza nenosiri, na moja inaweza kulala huku nyingine ikiwa macho. Mutt yenyewe ilikaa miaka mingi bila uwezo wa kutuma; iliikabidhi barua kwa programu nyingine kama sendmail au msmtp, na wapo wanaoitumia hivyo hadi leo kwa hiari yao.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kugusa mstari wowote, ni hili: kilichokataa ni kusoma au ni kutuma? Mtu akisema tu "Mutt haifanyi kazi", hajasema kitu. Akisema barua zinaingia vizuri ila hazitoki, tayari amefuta nusu ya faili katika orodha ya washukiwa. Inashangaza ni wangapi huanza kwa kubadilisha mistari yote kwa pamoja, wakinakili mipangilio ya mtu mwingine mwenye seva nyingine, kisha wakawa na makosa mawili pale palipokuwa na moja.

Chukua tatizo lililo la kawaida kuliko yote, la poti na usimbaji. Kuna njia mbili za kuyafunga mazungumzo na seva yasisikilizwe na wapita njia. Katika ya kwanza, usiri unaanza kabla ya neno la kwanza kusemwa. Hii ndiyo inayotumika kwenye poti 993 kwa kusoma na 465 kwa kutuma. Katika ya pili, seva inasalimu kwa maandishi ya wazi, kisha mteja anaomba kwa amri ya STARTTLS mazungumzo yahamie kwenye usiri. Hii ni ya poti 587 na, kwa kusoma, 143. Mutt hutofautisha njia hizi kwa herufi moja tu. Anwani ikianza na smtps, yenye s mwishoni, ni njia ya kwanza. Ikianza na smtp, ni ya pili.

Sasa tazama kinachotokea herufi hiyo ikikosewa. Mtumiaji akiandika smtps kisha akaweka poti 587, programu inatarajia usiri tangu mwanzo, lakini seva inafungua mdomo na kusalimu wazi. Maktaba ya usimbaji inalisoma lile neno la salamu kama kwamba ni data ya TLS, haielewi, na inatoa kosa kwamba namba ya toleo si sahihi. Ujumbe huo umewapotosha wengi. Wameenda kusasisha OpenSSL, wakabadilisha matoleo ya TLS, hata wakasakinisha mfumo upya, wakati toleo halikuwa na shida yoyote. Upande wa pili ni wa kuchosha zaidi: anayeandika smtp na poti 465 hapati kosa lolote. Skrini inaganda. Programu inasubiri seva isalimu, seva inasubiri programu ianzishe usiri, na wote wawili wana adabu ya kumngoja mwenzake mpaka muda uishe.

Dawa ya mashaka ya namna hii ni kuiweka Mutt pembeni na kuzungumza na seva moja kwa moja. Amri ni hii:

openssl s_client -crlf -connect barua.example.org:993

Baada ya maelezo marefu ya cheti, seva ya IMAP iliyo hai hujibu kwa mstari unaoanza na nyota na OK. Ukiuona, mtandao ni mzima, poti iko wazi, na usimbaji umekubaliana. Kosa lililobaki limo ndani ya .muttrc au kwenye nenosiri. Usipouona, hakuna mstari wa mipangilio utakaokuokoa, na huenda ukuta wa moto wa ofisi au wa mtoa huduma ndio umefunga njia. Poti 25, kwa mfano, hufungwa na watoa huduma wengi wa intaneti ya nyumbani ili kompyuta zilizoambukizwa zisimwage barua taka duniani. Mwongozo wa zamani unaosema barua zitumwe kupitia poti hiyo hautamfaa mtu aliyeko sebuleni kwake.

Njia hii ina mtego mmoja. Anayejaribu kutuma barua kwa mkono kupitia openssl hufika mahali pa kumtaja mpokeaji kwa amri ya RCPT TO. Akiiandika kwa herufi kubwa kama vitabu vinavyoonyesha, openssl huiona R mwanzoni mwa mstari na kuidhania ni amri yake yenyewe ya kuanzisha upya makubaliano ya usiri, na mazungumzo huvurugika. Akianza mstari kwa Q, hufungiwa mlango. Ufumbuzi ni kuandika kwa herufi ndogo, kwani SMTP haibagui kati ya kubwa na ndogo katika amri zake.

Namba za seva nazo zinasomeka. Tarakimu ya kwanza ikiwa 4, seva inasema si sasa, rudi baadaye. Ikiwa 5, imekataa na kurudia hakutasaidia. 530 kwa kawaida humaanisha seva inataka usiri kwanza. 535 ni jina au nenosiri lililokataliwa. 550 mara nyingi ni mpokeaji asiyekuwepo, au mtumaji ambaye seva haimtambui, jambo linalotokea pale mstari wa from unapotaja anwani isiyolingana na akaunti. 552 ni barua iliyozidi ukubwa unaoruhusiwa, na hapa watu hulalamika kwamba faili lao lilikuwa ndani ya kiwango. Lilikuwa, ila viambatisho husafiri vikiwa vimegeuzwa kuwa maandishi, na mageuzi hayo hufanya kila baiti tatu kuwa herufi nne. Faili la megabaiti 18 linaondoka likiwa na zaidi ya 24.

Vyeti ni suala jingine. Ujumbe kwamba cheti cha seva bado hakijaanza kutumika unasikika kama hila ya wadukuzi, kumbe mara nyingi ni saa ya kompyuta. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazikuwa na saa inayoendelea kuhesabu umeme ukikatika, kwa hiyo zikiwashwa bila intaneti huamini zinaishi siku zilizopita. Tarehe 30 Septemba 2021 mambo yaligeuka: cheti cha mzizi kilichokuwa kikitegemewa na Let's Encrypt kilifikia mwisho wake, na mashine zilizokuwa na OpenSSL ya zamani zikaanza kuzikataa seva ambazo jana yake zilikuwa salama. Waliojua sababu walisasisha orodha ya vyeti. Wengine walitafuta mstari wa kuzima ukaguzi, wakaupata, na mpaka leo wanatuma nenosiri lao kwa yeyote anayejitambulisha kwa jina la seva yao. Ushauri huo wa kuzima ukaguzi bado unazunguka, hauna utetezi.

Halafu kuna nenosiri lenyewe. Kwa miongo kadhaa lilikuwa jambo jepesi: jina, nenosiri, umeingia. Tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuziruhusu programu za nje kuingia kwenye akaunti za watu binafsi kwa nenosiri la kawaida. Microsoft ilianza kuzima njia hiyo kwenye Exchange Online tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo, na Septemba 2024 ikafuata Outlook.com. Mutt nyingi zilinyamaza siku hizo bila mtu kubadilisha hata nukta. Kwa Gmail dawa ya haraka ni nenosiri la programu: mtumiaji huwasha uthibitishaji wa hatua mbili, kisha Google humpa herufi 16 za kutumia katika programu hiyo peke yake. Huonyeshwa katika mafungu manne yenye nafasi katikati, na ni salama zaidi kuzinakili bila nafasi hizo. Njia ndefu ni OAuth2, ambamo programu haipewi nenosiri kabisa bali tokeni ya muda mfupi. Mutt 2.0, iliyotoka Novemba 2020, ilikuja na hati ya Python ya kuomba na kuhuisha tokeni hizo. Inafanya kazi, lakini mara ya kwanza inadai subira ya mtu anayefuatilia hati ya kiwanja.

Waliobaki na nenosiri la kawaida wana mtego wao, na huu ni wa kisarufi. Ndani ya .muttrc, alama ya dola iliyo katikati ya nukuu mbili huchukuliwa kuwa mwanzo wa jina la kigezo, na alama ya reli (#) isiyozungukwa na nukuu hufanya mstari uliobaki kuwa maelezo tu. Mwenye nenosiri zuri, lenye alama nyingi kama alivyoshauriwa, anajikuta seva inapokea nusu yake. Anabadilisha nenosiri mara mbili, tatu, bado 535. Nukuu moja moja badala ya mbili zingemmalizia kazi. Na bora zaidi ni kutoliacha nenosiri hapo likiwa uchi: linaweza kuwekwa katika faili lililofungwa kwa GPG, na Mutt ikalifungua kwa mstari wa source unaoishia na alama ya bomba (|).

Wasomaji wa Kiswahili wana bahati ambayo Wafaransa na Wajerumani hawana. Herufi zote za lugha yetu zimo ndani ya ASCII, ile orodha ya alama 128 ya tangu miaka ya 1960 ambayo karibu kila kompyuta ya leo inaielewa. Barua ya Kiswahili inaweza kupita katika seva mbovu kuliko zote na ikafika nzima. Karibu nzima. Kikwazo ni ng'ombe.

Kibodi za simu nyingi na programu za kuchapa hazipendi kistari kile cha juu kilichonyooka. Hukibadilisha kimyakimya kuwa kilichopinda, na kilichopinda hakimo katika ASCII. Katika UTF-8 kinachukua baiti tatu, 226, 128 na 153. Programu inayodhani barua imeandikwa kwa mfumo wa zamani wa Windows huzisoma baiti hizo kama alama tatu tofauti, na ng'ombe anafika akiwa ngâ€™ombe. Mutt katika terminali isiyojua UTF-8 huweka alama za kuuliza, au tarakimu zilizotanguliwa na mkwaju, \342\200\231. Barua inayozungumzia ng'ambo, ng'ano na kung'oa mihogo inageuka kichaka.

Wengi hapa hukimbilia kuweka mstari wa charset katika .muttrc. Waandishi wa Mutt wenyewe wanawakataza, na wako sahihi: programu huchukua taarifa hiyo kwenye mazingira ya terminali, na kuilazimisha ni kuificha dalili. Amri ya locale itaonyesha ukweli. Ikijibu C au POSIX, mashine haijui UTF-8, na hali hii huwapata hasa wanaoingia kwenye seva ya mbali kwa ssh: kompyuta yao inatangaza lugha fulani, seva haijasakinishiwa lugha hiyo, nayo inarudi kwenye hali yake ya msingi. Lugha hiyo ikitengenezwa upande wa seva, ng'ombe anarudi zizini. Mifumo ya Linux ina sw_TZ na sw_KE tayari. Mtu halazimiki kujifanya Mmarekani ili asome barua. Pale ambapo kosa ni la mtumaji, aliyeibandika barua lebo isiyo yake, kubonyeza Ctrl na E ndani ya Mutt kunamruhusu msomaji kuitaja lebo sahihi.

Kuhusu barua za HTML hakuna mengi. MIME, mfumo wa mwaka 1992 wa Nathaniel Borenstein na Ned Freed uliowezesha viambatisho, huruhusu barua moja kubeba sura mbili, ya maandishi na ya kurasa. Mutt ikiambiwa ipendelee maandishi, itayaonyesha. Benki na mashirika ya ndege mara nyingi hutuma ya kurasa pekee. Hapo mstari mmoja katika faili la .mailcap huikabidhi kazi w3m, kivinjari cha maandishi, na mstari wa auto_view katika .muttrc huiruhusu Mutt kufanya hivyo yenyewe. Picha hazitaonekana. Zile ndogo zisizoonekana, zinazomjulisha mtumaji kwamba barua yake imefunguliwa, hazitaonekana pia.

Folda zina vituko vyake. Mtumiaji wa Gmail aliyeandika ule mstari wa record hujikuta na nakala mbili za kila barua aliyotuma, kwa kuwa Gmail hujiwekea nakala bila kuombwa. Kwake mstari huo unapaswa kuachwa mtupu. Na majina ya folda maalumu za Gmail hufuata lugha ya akaunti. Aliyeiweka akaunti yake kwa Kiswahili, kisha akanakili mipangilio ya Mwingereza, ataambiwa folda haipo. Zamani hata Mwingereza aliambiwa hivyo, kwani kwa miaka kadhaa mgogoro wa alama ya biashara ulifanya huduma hiyo iitwe Google Mail nchini Uingereza, na jina la folda likabadilika pamoja nayo. Badala ya kukisia, bonyeza c kisha alama ya kuuliza, na Mutt itaorodhesha majina kama seva inavyoyajua.

Kwa Afrika Mashariki maandishi matupu yalikuwa njia pekee kabla hayajawa chaguo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa HealthNet, wa shirika la SatelLife lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, uliwafikia madaktari wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia miongoni mwa wengine. Setilaiti yake ndogo, HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993, ilipita juu ya kituo cha ardhini mara chache kwa siku, ikapokea maandishi, ikayabeba na kuyashusha kwingine. Kebo ya Seacom ilipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, ilionekana shida imekwisha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za Seacom na EASSy zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na watu wa ukanda huu wakatumia siku kadhaa wakitazama kurasa zisizofunguka.

Siku kama hizo Mutt ina faida inayopimika. Kuorodhesha barua, inaomba vichwa vyake tu: nani, lini, kuhusu nini. Mwili hauletwi mpaka ufunguliwe. Mstari wa header_cache ukiwekwa, hata vichwa haviombwi mara ya pili, na hapa kuna ajabu ya uzembe: mstari huo haupo kwa chaguo-msingi, kwa hiyo mtu mwenye barua 20,000 hungoja zote zihesabiwe upya kila anapofungua folda, kisha anaitangaza programu kuwa nzito. Wanaoishi na mtandao wa kukatikakatika huenda mbali zaidi, wakatumia mbsync, chombo kilichoanzishwa pia na Elkins, kuvuta barua zote hadi kwenye diski wakati mtandao upo. Kusoma, kutafuta na kuandika majibu hufanyika bila intaneti. Majibu huondoka ikirudi.

Yote yakishindikana, kuna kumbukumbu ya hatua. Mutt ikianzishwa kwa mutt -d 2 huandika kila inachoiambia seva na kila inachojibiwa katika faili liitwalo .muttdebug0, mradi ilitengenezwa na uwezo huo. Amri ya mutt -v huonyesha kama DEBUG ina alama ya kujumlisha au ya kutoa. Faili hilo husomwa kutoka mwisho. Mstari wa mwisho uliotumwa bila kujibiwa ndipo mazungumzo yalipokatikia, na aghalabu mistari mitatu minne ya hapo ndiyo tu anayohitaji kuiona mtu aliyeombwa msaada. Katika kiwango cha 2 nenosiri la IMAP halionekani. Katika kiwango cha 5 linaandikwa kama lilivyo. Kwa hiyo anayetaka kumtumia mwenzake faili zima alikague kwanza, na baada ya kazi asifute hilo moja tu. Kila Mutt inapoanzishwa kwa ukaguzi, faili la zamani husogezwa likawa .muttdebug1, lililotangulia likawa 2, hadi 4, na zote hubaki kwenye folda ya nyumbani.